Tuna maporomoko nyumbani na milioni 38 benki: tununue mtambo wa umeme?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mweka hazina wa umoja wa watu wa kijiji chetu tunaoishi Dar es Salaam. Tunakutana Kimara kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nyumbani ni wilaya ya Ludewa. Umeme wa REA umefika kijijini, kwenye shule na zahanati, lakini kitongoji chetu chenye kaya 55 kiko kilomita 6 zaidi, ng'ambo ya bonde, na hatujui nguzo zitafika lini. Hata kusaga mahindi, mama zetu wanayabeba hadi kijijini. Tuna maporomoko ya kama mita 30, mwendo wa mita 900 kutoka kwenye nyumba, na mto haukauki. Tumechanga shilingi milioni 38. Duka moja Kariakoo linatuuzia mtambo wa kilowati 20 kwa milioni 22, na wenzangu wanataka tulipie mwezi huu. Tununue? Na REA wakija baadaye, si fedha zetu zitakuwa zimepotea?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msilipie. Fedha zikae benki mpaka mwishoni mwa Novemba. Sikwambii hivyo kwa kuudharau mpango wenu. Nimefanya kazi na mitambo midogo ya maji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naamini kitongoji chenu kinaweza kuwa nao. Ila mtambo ni kitu cha mwisho kununuliwa. Ukinunuliwa kwanza, kila kitu kingine kitalazimishwa kuufuata, hata mto.

Nianze na mto, maana ndipo watu wa Dar tunapokosea kuliko wote. Sisi hurudi nyumbani lini? Krismasi, mwaka mpya, mara chache Pasaka. Huko nyanda za juu kusini mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo mto mnaoujua ninyi ni mto wa Desemba, uliokwisha kunywa mvua. Mtambo hauishi kwa mto wa Desemba. Unaishi kwa mto wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, ambapo mvua ya mwisho ilishapita miezi mitano au sita na maji yanayopita ni ya chemchemi tu. Unaposema haukauki, nakuamini kabisa. Lakini kutokauka ni jambo moja, na kuzungusha gurudumu saa ishirini na nne ni jambo jingine.

Hesabu yake haina siri. Chukua lita za maji zinazopita kila sekunde, zidisha kwa mita za kimo ambacho maji yanaanguka, zidisha kwa 9.81. Hizo ni wati zilizomo ndani ya maji. Kisha ukubali kwamba bomba, tabaini (lile gurudumu linalozungushwa na maji) na jenereta vitakula sehemu yake. Kwa mtambo mdogo uliojengwa vizuri mtabaki na kama asilimia 60. Tuchukue mita zenu 30 kama zilivyo. Ili mpate kilowati 20, mnahitaji lita 113 kila sekunde, yaani karibu ndoo sita za lita 20 zinazomwagwa kila sekunde, usiku na mchana, mwezi wa kumi. Sasa tuseme mkipima Oktoba mkakuta mto una lita 60. Mkiacha 20 ziendelee na njia yake, mtatumia 40. Lita 40 kwa mita 30 zinatoa kama kilowati 7. Kibao kwenye mtambo wa Kariakoo kitaendelea kusomeka 20, maana kinaeleza uwezo wa chuma kile kubeba kazi. Mto wenu hakijawahi kuuona. Isitoshe, tabaini nyingi za bei rahisi zikipewa maji nusu ya yale zilizotengenezewa hushuka ufanisi vibaya, kwa hiyo hata hizo 7 msingezipata.

Kwa hiyo pimeni. Kimo hupimwa kwa ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ambao mafundi ujenzi hutumia kupata usawa. Mnashuka nao kutoka juu hadi chini, hatua kwa hatua, mnajumlisha, halafu mnarudia siku nyingine na mtu mwingine. Kwa maji, njia ya haraka ni kuelea: mnachagua kipande cha mto kilichonyooka cha mita 10, mnatupia kitu kinachoelea, mnahesabu sekunde, mnagawa mita 10 kwa sekunde hizo kupata mwendo, mnazidisha mwendo huo kwa upana na kina cha maji, kisha mnapunguza hadi asilimia 60 au 70 ya jibu, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na mawe. Hiyo inatosha kujua kama mradi upo au haupo.

Ikionekana upo, jengeni kizuizi cha mbao chenye mkato wa umbo la V, pembe ya nyuzi 90, maji yote ya mto yapite hapo, na kijana mmoja aandike kila asubuhi maji yamepanda sentimita ngapi juu ya ncha. Sentimita 20 ni kama lita 25 kwa sekunde. Sentimita 28 ni kama lita 57. Ona jinsi sentimita nane zinavyobadilisha mradi mzima. Daftari la namna hiyo la mwaka mmoja lina thamani kuliko vipeperushi vyote vya wauza mitambo.

Kuhusu zile lita 20 za kuacha mtoni, naomba mtu asije kuzipunguza kikaoni ili namba zipendeze. Chini ya maporomoko kuna watu wanaochota, ng'ombe wanaokunywa, na viumbe ambao hatuwajui hata majina. Tulijifunza hili kwenye maporomoko ya mto Kihansi. Mtambo mkubwa wa kilowati 180,000 ulipoanza kuyageuza maji mwishoni mwa miaka ya 1990, ukungu wa maporomoko uliolisha eneo dogo la korongo ulipungua, na chura mdogo aliyegunduliwa pale mwaka 1996, asiyeishi kwingine popote duniani, akatoweka porini. Wanaoishi leo wametokana na wale waliookolewa na kuzalishwa nje ya nchi. Mto wenu ni mdogo, lakini kanuni haibadiliki. Tena tazameni juu, siyo chini tu. Mkoa wa Njombe sasa ni mkoa wa maparachichi, na miche inamwagiliwa kiangazi, miezi ile ile mtakayohitaji maji. Kama kuna jirani wa juu anayevuta maji kwa pampu, zungumzeni naye kabla ya kumimina zege. Mtahitaji pia kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde lenu. Mito inayoingia mto Ruhuhu iko chini ya Bonde la Ziwa Nyasa. Kibali hicho ndicho kitakachowalinda mtu mwingine akija kuchepusha maji juu yenu. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto zinazoweza kuuharibu, kwa hiyo mipango ya banio (ukuta wa kuchepushia maji mtoni) na nyumba ya mtambo ipitie kwa ofisa mazingira wa wilaya mapema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulisome kwa sauti mbele ya wenzako Kimara. Mtambo wa kuwasha taa tu hauwezi kujilisha.

Tufanye hesabu ya kilowati zetu 7. Kaya 55 za kijijini, kila moja ina taa nne, simu za kuchaji, redio, labda televisheni. Tuseme zinatumia uniti 10 kwa mwezi kila moja. Hizo ni uniti 550. Mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amezoeleka kulipa shilingi 100 kwa uniti, na watu wenu watalinganisha, wawe na haki au wasiwe nayo. Kwa bei hiyo mtakusanya shilingi 55,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haimlipi hata mlinzi, achilia mbali fundi, grisi, mkanda na beringi. Wakati huo huo mtambo ule ule, ukizunguka mwezi mzima, ungeweza kutoa uniti 5,000. Yaani karibu tisa ya kumi ya umeme wenu ingemwagika bure kwa kukosa mtu wa kuutumia mchana.

Ndiyo maana nasema anzeni na mashine ya kusaga, taa zije nyuma yake. Nepal, nchi yenye mitambo midogo ya maji mingi kuliko karibu zote, ilianzia hapo hapo: katika miaka ya 1970 na 1980 wenye vinu waliweka tabaini ya kusaga na kukoboa nafaka, na baadaye wakafungia jenereta pembeni kwa ajili ya taa za usiku. Jirani zetu Kenya walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mtambo wa Tungu-Kabiri, katika kijiji cha Mbuiru upande wa Meru, una kilowati 18 tu, na wanakijiji walionunua hisa na kuchimba kwa mikono yao waliamua umeme uende kwenye kituo cha biashara, siyo majumbani, kwa sababu ungegawanywa kwa nyumba zote usingemtosha mtu.

Na kwenu mashine haihitaji hata kuwa ya umeme. Mkanda unaweza kutoka kwenye ekseli ya tabaini moja kwa moja hadi kwenye kinu. Kwa lita 40 na mita 30 mtapata nguvu farasi kama 11 kwenye ekseli. Ni mashine ndogo kuliko ile ya dizeli ya kijijini, itasaga polepole zaidi, lakini haiombi dizeli. Mkifunga mota ya umeme badala yake, kumbukeni kwamba mota inapoanza huvuta umeme mara tano au sita ya kawaida yake; mota ya kilowati 5 inaweza kuuzima mtambo wa kilowati 7 kila inapowashwa, isipokuwa mmeweka kifaa cha kuiwasha taratibu. Mkanda ni rahisi na unatengenezeka palepale.

Nani aamue nyumba ya mashine ikae wapi? Wanaobeba debe kichwani. Umesema mama zenu wanatembea kilomita 6 kwenda kusaga. Mita 900 kwao ni nafuu kubwa, lakini kama njia ya kwenda maporomokoni ni mteremko wa kuteleza wakati wa masika, hawataishuka, na mashine itakaa. Waulizeni wao, kabla hamjamuuliza mhandisi yeyote, mimi nikiwemo.

Jioni mkanda wa mashine unavuliwa, jenereta inachukua nafasi, taa zinawaka. Kwa wati chache namna hii, sipendekezi kuanza na mita za LUKU. Kila nyumba ifungiwe kikata umeme cha nusu ampea, ambacho kinaruhusu kama wati 115 kisha kinajikata. Nyumba 55 kwa wati 115 ni kilowati 6.3, ndani ya uwezo wenu. Pasi moja ingevuta wati 1,000, kwa hiyo pasi na jagi la kuchemshia maji havitatumika majumbani, na hilo lisemwe mkutanoni tangu siku ya kwanza. Kila nyumba ilipe kiasi kimoja kwa mwezi. Ikiwa ni shilingi 5,000, hizo ni 275,000. Ongezeni ada ya kusaga, mnaijua bei ya debe huko kwenu, na hapo ndipo mradi unaanza kupumua.

Turudi kwa REA. Serikali imeshatangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi iliyobaki ni kumalizia vitongoji, ambavyo kwa jumla ni zaidi ya 64,000. Nguzo zitakuja kwenu. Sijui mwaka, lakini pangeni mkijua zitakuja. Siku hiyo, mtu anayeweza kuunganishwa kwa shilingi 27,000 na kutumia pasi atahamia TANESCO, na mtamlaumu bure. Mitambo mikubwa kidogo ina mlango wa kutokea: kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10 kuna mikataba sanifu ya kuiuzia TANESCO. Mwenga kule Mufindi, megawati 4, unauza hivyo huku ukihudumia kiwanda cha chai na vijiji. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga Tulila, megawati 5, kwenye mto Ruvuma. Ninyi na kilowati 7 hamko kwenye mlango huo. Lakini kinu kinachoendeshwa na maji bila kununua mafuta hakiogopi nguzo. Taa zikihamia TANESCO, mchana bado watu watasaga, na usiku ile nguvu inaweza kuendesha kiangulio cha vifaranga au kukausha mbao za fundi. Fedha zenu zinapotea pale tu mtakapokuwa mmejenga taa peke yake.

Bomba na waya nitavipitia haraka, kwa kuwa fundi atavichora, ila kuna makosa mawili yanayofanywa na kila mtu anayebana matumizi. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 150 likipitishiwa lita 40 litakula karibu kimo chenu chote kwa msuguano. La milimita 200 halitakula hata mita 2. Na waya: kilowati 7 zikisafirishwa mita 900 kwa fezi moja kwenye waya wa alumini wa milimita za mraba 25, kati ya volti 230 mtapoteza 65 njiani, na taa za mwisho zitakuwa nyekundu. Kwa fezi tatu, waya ule ule unapoteza kama volti 11. Mtambo wenyewe mara nyingi hauzidi theluthi ya gharama. Banio, mfereji, bomba, nguzo na waya ndivyo vinavyobeba uzito, na ndiyo maana milioni 22 kati ya 38 zilinishtua. Tabaini inayowafaa ni ile ambayo maji hupita katikati ya ngoma yenye mapezi yaliyokatwa kutoka kwenye bomba la chuma. Inavumilia maji yanayopungua, na mafundi wazuri wa chuma, hata wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, wanaweza kuichomelea wakipewa michoro sahihi na mhandisi wa kusimamia. Ikivunjika pezi, mwenye kulitengeneza anapatikana.

Niliwahi kuitwa kwenye kijiji kimoja cha nyanda za juu ambacho mtambo wake ulikuwa umesimama miezi kumi na minne. Nilitarajia kukuta ekseli imekatika. Nilikuta beringi moja imekufa, ya bei isiyofikia mbuzi. Hapakuwa na fedha kwenye mfuko, kwa sababu ada ilikusanywa kwa huruma, na kijana wa kuutunza mtambo alikuwa mtu wa kujitolea aliyechoka akaenda zake mjini. Wakati huo mchanga ulikuwa umejaza tangi la kutulizia maji na mfereji umeota majani. Nililala pale usiku ule kwa kibatari, mita mia tatu kutoka kwenye maji yanayonguruma, na sijausahau.

Kwa hiyo wekeni watunza mtambo wawili, wanaolipwa, mmoja wao mwanamke kama inawezekana, maana vijana wa kiume ndio wanaoondoka haraka. Kazi yao ni kusafisha chujio la majani kila siku, na masika hata saa nane usiku. Wapelekeni wakajifunze, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo chake Kikuletwa, wilayani Hai, penye mtambo wa maji wa zamani. Akiba ya matengenezo itoke kwenye mapato kabla ya kitu kingine chochote, iwe kwenye akaunti yenye sahihi tatu, na hesabu zisomwe kwenye mkutano wa kitongoji kila mwezi. Tena hamhitaji kwenda mbali kuona: mko wilaya moja na jumuiya ya LUMAMA, ya vijiji vya Lupande, Mawengi na Madunda, ambao wana mtambo wa kilowati 300 uliojengwa na shirika la Kiitaliano la ACRA, na watumiaji wenyewe ndio waliounda chombo cha kuuendesha. Nendeni mkakae nao siku mbili. Waulizeni wanakusanyaje, na wanamkatia nani umeme asipolipa.

Jambo la mwisho ni gumu kuliambia kundi lililochanga kwa moyo. Mradi huu usiwe wenu wa Dar. Ardhi ya banio ni ya kijiji, na ni mkutano wa kijiji wenye kuitoa. Wanaoishi pale ndio watakaochimba mfereji, na ndio watakaoulinda sisi tukiwa tunahangaika na foleni ya Morogoro Road. Wapeni nafasi ya kukataa. Undeni nao ushirika au jumuiya iliyosajiliwa, michango yenu ya Dar iingie kama hisa au mkopo wenye maandishi, na kabla ya kuuza umeme wa hata nyumba moja, andikeni EWURA, wasimamizi wa huduma za nishati na maji, mjue mnatakiwa kusajiliwa vipi na bei yenu itatazamwaje. Mitambo iliyo chini ya megawati 1 haihitaji leseni kamili, lakini haiko nje ya sheria.

Kwa sasa toeni fedha kidogo tu: nauli ya watu wawili kwenda nyumbani wiki ya mwisho ya Oktoba, mpira wa kupimia, mbao za kizuizi, na daftari. Wapime mara mbili kwa wiki mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Kisha niletee namba hizo, pamoja na idadi ya madebe yanayosagwa na kitongoji kwa wiki, nami nitakaa nanyi Kimara Jumapili moja tuchore ukubwa wa mtambo.